Kigingi Alichokihamisha Baba

Kwa miaka kumi na mmoja nimewafundisha watoto wa darasa la nne pale Nyakahura kwamba makao makuu ya nchi yetu ni Dodoma, na katika miaka yote hiyo nilikuwa sijatia mguu Dodoma. Watoto hawakulijua hilo. Wengi wao ni wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, wengine ni wa familia zilizotoka Burundi na Rwanda zamani zikatulia zikalima, na kwao wote mwalimu akigusa mahali kwenye ramani kwa fimbo, basi ameshafika. Siku moja binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, Dodoma kuna mto?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho yake nikajifanya nimesahau.

Katika familia yetu, mwenye Dodoma yake alikuwa baba. Pale kwetu Bukiriro hakuna asiyejua kwamba mzee huyu aliishi Dodoma kabla Dodoma haijawa mji wa kujivunia. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Vijana wengi wa Kihangaza wa rika lake walikuwa wakienda mbali kutafuta kibarua cha mkonge, naye akaondoka na wenzake wawili, wakapanda treni Tabora. Njiani akashikwa na homa. Treni iliposimama Dodoma akashuka na kikombe kutafuta maji. Aliporudi, treni ilikuwa imeondoka na wenzake, na fuko lake la nguo limo humo humo.

"Nikabaki na kikombe," husema, na hapo hucheka mpaka anakohoa.

Ndivyo alivyopata kazi. Serikali ilikuwa imeamua kuhamishia makao makuu huko, na wapima ardhi walikuwa porini wakipima mji ambao haujakuwepo. Walihitaji watu wa kufyeka, wa kubeba vigingi, wa kushika kamba. Baba akawa mshika kamba. Kwa karibu miaka miwili alitembea katika barabara ambazo hazijajengwa, akasimama kwenye viwanja vya nyumba ambazo hazina hata tofali moja. Halafu babu akafariki, baba akarudi nyumbani kuzika, akaoa, akalima, hakurudi tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipopata kazi ya kuchora ramani katika ofisi moja ya serikali kule kule Dodoma, sote tuliona ni kama ametumwa kumalizia kazi ya mzee. Akapata nyumba, akaanza kupiga simu.

"Dada, mlete mzee aje aone."

Nilidhani baba ataruka kwa furaha. Akakataa. Mara mgongo, mara maharage hayajavunwa, mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Mwaka ukapita, ng'ombe akazaa, maharage yakavunwa, na mgongo ukaonekana mzima kabisa siku ya kupaka udongo banda la mbuzi. Mwishowe mama akachoka.

"Nenda," alimwambia mbele yetu. "Umetusimulia mji huo mpaka kuku wanaujua. Sasa wanakuita, unajificha. Kuna mwanamke huko?"

Baba akasema atakwenda.

Tulisafiri likizo ya mwezi wa sita. Basi la Ngara hupita Nyakahura asubuhi, nami nililingojea kando ya soko la barabarani pamoja na akina mama wa nyanya. Lilipofika nilimwona baba dirishani, amevaa koti lake la kanisani, amekaa wima kama anayepigwa picha. Chini kwenye buti alikuwa na mkungu wa ndizi, gunia dogo la maharage na dumu la asali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa dirishani uone nchi."

Hakuniachia dirisha, lakini nilielewa nia yake. Tukapita Nyakanazi, tukapita Kahama jua likiwa la utosi, na muda wote huo alizungumza na kila aliyekaa karibu. Baada ya Nzega akaanza kupungua maneno. Tulipoiacha Singida na mawe yake makubwa, alikuwa kimya kabisa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mwanangu," akasema kwa Kihangaza, taratibu, ili jirani asisikie, "mtu akiivunja sheria ya serikali zamani, zamani sana, wanaweza bado kumkamata?"

Nilimtazama baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hurudisha mwiko wa jirani kabla haujakauka.

"Umefanya nini baba?"

Akanieleza. Alipobaki Dodoma na kikombe chake, hakuwa na mahali pa kwenda, na homa ilikuwa imepanda. Alitembea kuufuata moshi, akafika kwenye tembe moja la Wagogo, nyumba ya udongo yenye paa bapa, iliyokuwa peke yake karibu na jiwe kubwa lililopasuka katikati. Mama mwenye nyumba hakuelewa lugha yake wala yeye hakuelewa ya mama yule. Hata hivyo alimlaza ndani, akamnywesha uji wa uwele siku tatu, mpaka homa ikashuka. Alipopona, akaelekezwa kwa wapima waliokuwa wakitafuta watu.

Miezi kadhaa baadaye, mstari wa barabara waliyokuwa wakiipima ulielekea upande ule. Mpima wao, mtu mrefu mwenye miwani minene na maneno machache, alichungulia katika darubini yake ya miguu mitatu, akapunga mkono kushoto, akapunga kulia, kisha akamwashiria baba agonge kigingi. Baba akagonga. Akainua macho, akaona kigingi kiko mlangoni pa yule mama.

"Mlangoni kabisa?" niliuliza.

"Kabisa. Kuku alikuja akakidonoa."

Mchana mpima na wenzake walikwenda kula kivulini. Baba alibaki kuchanganya zege la kumwagia kigingi ili kiwe bikoni, alama ya kudumu ya wapima. Akatazama kulia na kushoto. Akang'oa kigingi, akahesabu hatua kumi na mbili kuelekea porini, akakigonga huko, akamwaga zege.

"Kwa hiyo iko barabara Dodoma," alisema baba, "yenye kona ambayo haimo kwenye ramani. Ni mimi. Na sijui kama mtu amewahi kupata ajali hapo."

Niligeuka upande wa pili nikauma kitambaa, kwa sababu sikutaka aone ninacheka. Lakini yeye hakuwa akicheka. Kwa miaka zaidi ya arobaini alikuwa ameubeba ule mstari, fahari upande mmoja na hofu upande mwingine, na hata mama hakuwahi kuambiwa.

Tulifika wakati wa magharibi. Mdogo wangu alitupokea stendi, akapiga goti kidogo kumwamkia baba, akabeba mkungu begani kama tuko Bukiriro. Njiani kwenda kwake tulivuka daraja, na chini yake kulikuwa na mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko uwanja wa mpira. Nikauliza ni nini.

"Ni mto," akasema mdogo wangu. "Unapita mvua ikinyesha."

Nikaona kwamba binti yule wa darasa la nne alistahili jibu refu kuliko nililokuwa nalo.

Asubuhi mdogo wangu alitupeleka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Sisi tunaotoka kwenye vilima vya migomba, ambako njia huenda anakotaka mbuzi, tulikuwa hatujaona mahali kama pale. Barabara ni pana, nyeusi, zimepinda kwa mpangilio kama zimechorwa kwa bikari. Kila wizara imesimama peke yake katika eneo lake, na kati ya jengo na jengo kuna nafasi ya kulima ekari na ekari. Miti imepandwa kwa mistari, mingine bado michanga, imefungiwa vijiti isianguke, na mwanamke mmoja mwenye mpira wa maji alikuwa akiizungukia mmoja mmoja. Upepo ulikuwa mkavu, wa kukausha midomo, na anga lilikuwa kubwa mno.

"Watu wanaishi wapi?" baba aliuliza.

"Hapa ni ofisi tu, baba. Watu wanaishi kule tulikotoka, na wengine mitaa mingine."

"Na wakitaka kusalimiana?"

"Wanapigiana simu."

Baba akatikisa kichwa, lakini hakulaumu. Alikuwa ameshaanza kuchungulia mitaro. Aliipenda mitaro ile kuliko maghorofa. Aliinama, akapima kwa jicho, akasema imenyooka, aliyeichimba alisimamiwa na mtu anayejua. Penye ukingo wa barabara akaona bikoni, jiwe dogo la zege lenye namba, limechomoza kidogo tu kwenye nyasi. Akachuchumaa, akaliwekea kiganja juu.

Mlinzi wa getini akatukaribia, kijana mwenye adabu. "Shikamoo mzee. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Sijapoteza, mwanangu. Nasalimia."

Mlinzi akanitazama mimi, mimi nikamtazama mdogo wangu, na mdogo wangu akatazama viatu vyake. Ndipo baba alipoona heri amwambie na mdogo wangu. Alimweleza pale pale, tukiwa tumesimama juani, habari yote, ya kikombe na uji na hatua kumi na mbili.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa namba, si wa hadithi.

"Baba, haiwezekani," akasema kwa upole. "Mstari huwa unapimwa tena. Wanarudi na darubini kutoka upande wa pili. Kigingi kikitoka hata kwa kiganja kimoja wanajua. Hatua kumi na mbili? Wangejua siku hiyo hiyo."

"Hawakujua. Nilikuwepo."

"Baba..."

"Nirikuwepo," akarudia, na hapo nilijua amekasirika, maana baba ni Mhangaza wa zamani, na akikasirika l zote hugeuka r. "Twende nikuonyeshe. Ni karibu na mrima wenye mawe."

Milima yenye mawe Dodoma haihesabiki. Tulizunguka na gari la mdogo wangu siku iliyofuata, tangu saa tatu asubuhi. Majina ya mitaa hayakumsaidia baba hata kidogo, kwa sababu yeye aliondoka kabla ya majina. Alichokijua ni mlima, reli na jua. Alikuwa akimwambia mdogo wangu asimame, anashuka, ananyoosha mkono na kidole gumba mbele ya jicho, anafumba lingine, kisha anarudi ndani. "Bado. Mlima uwe begani kushoto, reli iwe kisogoni." Tukapita mitaa mizuri ya zamani, nyumba za chini zenye ua na miti mikubwa, na vijia vya miguu vinavyokatiza kati ya nyumba na nyumba ili mtoto afike shuleni bila kuvuka barabara ya magari. Mdogo wangu alisema vijia vile vilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Baba alisema anavikumbuka, ila wakati huo walivifyeka bila kuelewa ni vya nini, walidhani mpima amechanganyikiwa.

Nilikuwa nimeanza kupendekeza tukanywe chai, na mdogo wangu ameanza kutazama kipimo cha mafuta, baba alipopiga kelele.

"Simama!"

Lilikuwa jiwe. Kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, limepasuka katikati kama mkate, limesimama kando ya barabara nyuma ya kibanda cha kuosha magari. Mtu alikuwa ameliandika kwa rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA.

Baba hakujali maandishi. Aliliegemea kwa mgongo, akatazama mlima, akatazama inakopita reli, kisha akaanza kutembea. Alikuwa akihesabu. Mzee huyu, ambaye nyumbani hutembea akiburuta kandambili, alikuwa sasa akitupa hatua zote za urefu mmoja, kama mtu aliyefungwa kamba miguuni. Sisi tulimfuata. Alivuka mtaro, akapanda barabarani, akasimama katikati ya lami.

"Hapa."

Tukatazama mbele. Tukatazama nyuma. Barabara ile ilikuwa imenyooka. Ilianza mbali kwenye taa za barabarani, ikapita chini ya miguu ya baba yangu, ikaendelea mpaka inapopotelea kwenye miti, bila kona, bila hata kuinama kidogo. Bajaji ikampigia honi, ikamkwepa.

"Baba, toka barabarani," mdogo wangu alisema.

Baba akatoka. Nilimwona amenywea ndani ya koti lake. Hakuwa ametegemea kukamatwa, sasa nililiona hilo waziwazi. Alikuwa ametegemea kona.

Kando ya barabara, chini ya mwavuli wa turubai, mama mmoja wa umri kama wa baba alikuwa na meza ya mboga kavu, karanga na ubuyu. Alikuwa ametutazama tangu tulipoanza kuhesabu hatua. Baba akamsogelea, nadhani alitaka kivuli tu, lakini mdomo ukatangulia.

"Mbukwenyi."

Yule mama akaacha kupepeta karanga. "Mbukwa," akajibu, kisha akacheka, akauliza kwa Kiswahili, "Mgogo wa wapi wewe?"

"Wa Ngara."

"Ngara ya Burundi huko? Karibu, kaa. Nani amekufundisha kusalimia watu?"

Nilimwamkia shikamoo, mdogo wangu naye, akatusogezea benchi. Baba akakaa. Akamuuliza kama yeye ni mwenyeji wa hapo hapo.

"Mwenyeji sana," alisema mama yule. "Unaona hiyo nyumba ya geti la bluu? Nimepanga chumba kimoja kwa nyuma. Hapo palikuwa shamba la uwele la baba yangu mdogo. Nimepanga kwenye shamba la baba yangu mdogo!" Alisema hivyo huku anacheka, ila macho yake hayakucheka sana. "Sisi tulikuwa vijana tu. Walikuja watu wenye vijiti vya rangi, wakapima. Wazee wakaambiwa mtahamia kule nyuma, mtapewa viwanja. Wengine walipewa, wengine walihangaika. Lilikuja tingatinga, tembe zote zikaanguka siku mbili."

Baba alikuwa akitazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba," alisema.

Mama yule hakuelewa. Baba akamweleza. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, bila kujitetea. Alipofika kwenye tembe lenye jiwe lililopasuka, na mama aliyempa uji siku tatu, mama yule alikunja uso akijaribu kukumbuka.

"Huenda ni shangazi yangu," alisema. "Au mama mmoja aliyekuwa upande huu, alikufa zamani. Sijui, mzee. Kila mama hapa alikuwa anawapa watu uji."

"Nilitaka nyumba yake isivunjwe."

"Ilivunjwa."

"Nimeona. Barabara imenyooka."

Mama yule alimtazama kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimcheka. Si kwa dharau, alimcheka kama dada anavyomcheka kaka.

"Kwa hiyo wewe kijana mshika kamba, ndiye ulitaka kuizuia serikali kwa kijiti? Ulikuwa na mamlaka gani? Na umelibeba jambo hili mpaka leo, umepanda basi toka Burundi—"

"Ngara."

"—toka Ngara, uje kuangalia kona?"

Baba naye akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akakohoa, mpaka mdogo wangu akampiga mgongoni. Alipotulia akafuta macho. Na hapo, akiwa bado na kitambaa usoni, nikaona anaganda.

"Alijua," alisema.

"Nani?" nikauliza.

"Mpima. Siku ya pili yake alinituma stesheni kufuata saruji. Nikakaa huko siku mbili nangojea behewa. Saruji ilikuwepo kambini, niliiona mwenyewe. Nilijiuliza mbona ananituma." Alimgeukia mdogo wangu. "Umesema wanapima tena kutoka upande wa pili."

"Ndiyo, baba."

"Basi alipima, akakiona, akaniondoa, akakirudisha. Asinifukuze. Asiniambie hata neno."

Mdogo wangu alisema taratibu kwamba mtu kuharibu bikoni ni kosa kubwa, hata leo, na kwamba mpima yule angeweza kumpeleka polisi. Baba alitikisa kichwa. Alikuwa mbali. Akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia pale Bukiriro pamoja na hadithi zake zote: kwamba habari ya kifo cha babu ilipofika, mpima yule mkali alimsindikiza mpaka ndani ya behewa, akamtafutia mahali pa kukaa, na kabla ya kushuka akamwambia, "Ukirudi, nitakufundisha darubini."

"Sikurudi kwa sababu ya kigingi," alisema baba. "Niliogopa. Nilisema siku moja watakigundua. Kumbe alikuwa ameshakigundua, na bado anataka kunifundisha."

Sijawahi kumwona baba akilia, na siku hiyo pia sikumwona, kwa sababu nilitazama barabara mpaka alipomaliza. Nilikuwa nikiwaza kijana yule wa miaka ishirini ambaye angeweza kuwa mpima ardhi, na kwamba kama angekuwa, asingekuwa baba yangu, pengine mimi na mdogo wangu tusingekuwepo pale kwenye benchi. Sikumwambia. Sikuwa na hakika kama ni jambo la kumfariji au la kumwongezea.

Mama yule alisimama. "Mmekula?"

Tulisema tumekula, kama watu wenye adabu wanavyosema.

"Hamjala," alisema. Akamwita mjukuu wake mkubwa, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aje aangalie meza, akatupeleka nyuma ya geti la bluu. Tulikaa kwenye mkeka uani, akatupikia ugali wa uwele na mlenda, mboga yao ya majani. Mimi mlenda ulinishinda, unateleza kabla sijaamua kuumeza. Mdogo wangu, pamoja na kuishi Dodoma miaka miwili, alikuwa hajawahi kuugusa, naye alijikaza. Baba alikula sahani mbili. Alikata tonge, akalizungusha, akalipeleka mdomoni bila kudondosha hata tone kwenye koti la kanisani, na mama yule akapiga makofi.

"Huyu amekaa kwetu kweli!"

Tulirudi jioni tukampelekea asali na nusu ya mkungu. Baba alimweleza jinsi ya kuzipika ndizi zile na maharage, na asizifanye kama viazi. Kabla hatujaachana, baba alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mama, mimi nilishika kamba tu," alisema. "Lakini niliishika. Nisamehe."

Mama yule alitazama geti la bluu, akatazama ule ua wa nyumba aliyopanga.

"Mimi si wa kukusamehe kwa niaba ya wote," alisema. "Lakini umekuja. Wenye mji wao wanapita hapa kila siku na magari, hakuna aliyewahi kushuka kuuliza nani alikuwa hapa. Wewe umeuliza. Nenda salama, kaka."

Tulibaki Dodoma siku nne zaidi. Baba alizitumia kutembea. Alipenda kuondoka asubuhi kabla jua halijawa kali, kufuata vile vijia vya miguu kati ya nyumba, na kurudi na taarifa: hapa waliacha nafasi ya shule na shule ipo, hapa waliacha nafasi ya bustani na mtu ameweka karakana. Alikuwa akisema "tuliacha". Nilianza kuupenda mji ule kupitia miguu yake, na upepo wake, na nafasi zake kubwa ambazo mwanzoni niliziona ni upweke. Nilichora ramani yake kwenye daftari, kwa mkono, nikaweka mto wa mchanga mahali pake.

Nyumbani, baba alimwambia mama kila kitu jioni ya kwanza, kabla hata ya kuvua koti. Nilikuwepo. Mama alisikiliza huku anachambua maharage, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?"

"Walikuwepo wawili," alisema baba. "Mmoja alinipa uji, mmoja amenipa mlenda."

Sasa kila Jumapili baada ya ibada baba humpigia yule mama simu. Husalimiana kwa Kigogo, ambacho baba anajua maneno yake kama kumi, kisha huhamia Kiswahili, wakaulizana mvua. Mwanzoni mama yangu alikuwa akikaa kando na kusikiliza kwa sikio moja. Siku hizi simu hainyamazi mpaka na yeye apewe.

"Ati alikula sahani mbili?" nilimsikia akiuliza wiki iliyopita. "Huyu huyu? Hapa nikimpikia majani anasema tumbo." Akasikiliza, akacheka, akashika kiuno. "Basi njoo. Njoo baada ya masika, barabara zikikauka. Hapana, si mbali. Unapanda basi asubuhi, unashukia hapo Ngara, tutakuja kukupokea. Usibebe chakula. Beba hayo majani yako tu, nione yanavyopikwa."

Sijui kama atakuja. Ni safari ndefu kwa mtu wa umri wake, na meza ile ya mboga ndiyo riziki yake. Lakini juzi nilipokwenda Bukiriro nilikuta godoro limetolewa nje linaanikwa, na mama, kilemba kichwani, anapiga chokaa chumba cha wageni.